Kabla ya kisima kingine Lamu, tuambiwe jamii ya baharini ni ipi

Kwa Mhariri,

Kila wizara inayosimamia petroli inapodokeza kwamba wawekezaji wataalikwa tena kutafuta mafuta na gesi katika vitalu (maeneo yanayotolewa leseni ya utafutaji) vya bahari kuu vya bonde la Lamu, mazungumzo huku pwani hugawanyika mara mbili. Wapo wanaoanza kugawa fedha ambazo bado hazijaonekana hata kwa dalili, na wapo wanaosema hizo ni porojo zilezile za tangu enzi za babu zetu. Nadhani pande zote mbili zinakosea kidogo. Uwezekano wa kupata kitu upo, ingawa ni mdogo kuliko inavyosemwa majukwaani, na sioni sababu ya kuufunga mlango wa utafutaji. Ninachokipinga ni kuchimbwa kwa kisima kingine kabla sheria haijasema wazi ni nani atakayehesabiwa kuwa jamii yenye fungu lake pale mafuta yanapotoka chini ya bahari, kwa kuwa sheria tuliyo nayo ilitungwa macho yakiwa Turkana, kaunti ya bara ambako mafuta yalipatikana nchi kavu.

Tuanze na historia, kwa sababu kila awamu mpya hutangazwa kana kwamba hakuna aliyewahi kutia kekee mahali hapa. Kampuni za BP na Shell zilichimba upande wa nchi kavu na visiwani katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970. Dodori, Kipini na Pate ni majina yaliyobaki kwenye orodha ya visima vya wakati huo. Baharini, kisima cha Simba kilichimbwa mwaka 1978, vikafuata Maridadi na Kofia katika miaka ya 1980. Mwaka 2007 Woodside ya Australia ilichimba Pomboo kwa kutumia Chikyu, meli ya Kijapani iliyoundwa kwa ajili ya utafiti wa kisayansi wa sakafu ya bahari, katika maji yenye kina kinachozidi kilomita mbili. Kisima kikawa kikavu. Majina, kwa kweli, yamekuwa matamu kuliko matokeo.

Hata hivyo si kweli kwamba hakuna kilichopatikana. Mwaka 2012 Apache ilichimba Mbawa katika kitalu L8, kwenye maji ya kina cha mita 864, ikakuta tabaka za gesi zenye jumla ya unene wa takriban mita 52. Mwaka 2013 Anadarko ikachimba Kubwa na Kiboko bila kupata cha kuuzika. Kisha mwaka 2014 BG ikachimba Sunbird katika kitalu L10A, na hapo ndipo jambo la maana zaidi katika historia yote hii lilipotokea: ndani ya mwamba wa matumbawe ya kale, chini ya safu ya gesi ya karibu mita 30, ilikutwa safu ya mafuta ya mita 14. Hayo yalikuwa mafuta ya kwanza kuthibitishwa na kisima cha baharini katika ukanda wote wa Afrika Mashariki, ambako majirani zetu walikuwa wamezoea kupata gesi tu. Mwishoni mwa 2021 Eni na wenzake wakaanza kuchimba Mlima katika kitalu L11B, na matokeo hayakuwa ya kibiashara.

Mtu wa kawaida husoma orodha hiyo akauliza: kama mafuta yameonekana, kwa nini kampuni ziliondoka? Jibu linahitaji subira kidogo. Ili mafuta yapatikane kwa wingi, mambo kadhaa lazima yakutane mahali pamoja. Pawe na mwamba uliozalisha mafuta kutokana na mabaki ya viumbe vya kale, nao uwe umepata joto la kutosha bila kuungua. Pawe na mwamba mwingine wenye vitundu vya kuyahifadhi, na juu yake tabaka lisilopitisha kitu. Mwisho, umbo la kuyanasa liwe limekwisha kuundwa kabla mafuta hayajaanza kusafiri, maana yakisafiri mapema hupotea. Kisima cha Sunbird kilithibitisha kwamba sharti la kwanza, lile gumu zaidi kulijua ukiwa juu ya maji, limetimia angalau katika sehemu moja ya bonde. Wanajiolojia hulithamini sana jambo hilo, na ni haki yao. Lakini safu ya mita 14 chini ya maji ya kina cha zaidi ya mita 700 hailipi gharama ya mitambo ya kuitoa, na gesi ya Mbawa, ikiwa peke yake, haina wa kuijengea bomba.

Halafu kuna bei. Sunbird ilichimbwa mapema 2014, wakati pipa lilikuwa likiuzwa zaidi ya dola 100. Kufikia Januari 2015 lilikuwa limeporomoka chini ya dola 50. Kampuni zilikata kwanza bajeti za utafutaji katika mabonde ambayo hayajathibitishwa, na BG yenyewe ikanunuliwa na Shell mwaka 2016. Kisima kimoja cha bahari kuu hugharimu makumi ya mamilioni ya dola, na si ajabu kikavuka milioni 100, hivyo mwenye fedha zake akishapata visima vikavu viwili au vitatu huangalia ramani ya kwingineko.

Wenye matumaini hupenda kutukumbusha Guyana, na mfano huo una uzito. Huko visima vingi vilikuwa vimekauka kwa miongo kadhaa kabla ya ugunduzi wa Liza mwaka 2015, na kufikia Desemba 2019 mafuta yalikuwa yakitoka. Lakini anayetaja Guyana aitaje pia Visiwa vya Falkland, katika Atlantiki ya kusini, ambako uga wa Sea Lion uligunduliwa Mei 2010, ukasifiwa sana, kisha ukapita mikononi mwa wabia mbalimbali kwa miaka mingi wakihangaika kutafuta mtaji. Huko mafuta yalikuwepo. Kilichokosekana ni miundombinu, soko la karibu na mwenye mfuko wa kubeba gharama za mahali palipo mbali na kila kitu. Nyumbani kwetu Afrika Mashariki mfano uko karibu zaidi. Gesi ya Songosongo iligunduliwa mwaka 1974 na haikuanza kuzalisha umeme hadi 2004. Gesi ya bahari kuu ya Tanzania, inayokadiriwa kuwa futi za ujazo trilioni 57 pamoja na ile ya nchi kavu, imegunduliwa kwa wingi tangu 2010, na bado mradi wa kuigeuza kimiminika mkoani Lindi unasubiri uamuzi wa mwisho wa uwekezaji. Kwa hiyo hata kisima kijacho kikifanikiwa, mtoto anayeanza darasa la kwanza leo huenda akamaliza chuo kikuu kabla shilingi ya kwanza haijaingia.

Suala la mpaka nalipita haraka. Tarehe 12 Oktoba 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilichora mstari wa baharini kati ya Kenya na Somalia ambao Serikali yetu iliukataa. Sitaki kuingia katika haki na batili za uamuzi huo. Natambua tu kwamba vitalu kadhaa vya kaskazini tulivyokuwa tumevitolea leseni vimo katika eneo lililobishaniwa, na hakuna kampuni kubwa itakayopeleka meli ya kuchimba mahali ambapo hati yake inaweza kupingwa. Kwa muda unaoonekana, utafutaji wa kweli utabaki katika vitalu vya kati na vya kusini.

Sasa nije kwenye kiini cha barua hii. Sheria ya Petroli ya mwaka 2019 inasema kwamba fungu la Serikali, yaani kinachobaki baada ya mwekezaji kurudisha gharama zake na kuchukua sehemu yake ya faida, litagawanywa hivi: asilimia 75 kwa Serikali ya Kitaifa, asilimia 20 kwa serikali ya kaunti na asilimia 5 kwa jamii ya mahali hapo. Mabishano ya miaka kadhaa kuhusu asilimia hizo yalikuwa makali, na wengi wetu tulidhani yakiisha kazi imekwisha. Lakini sheria hiyohiyo inaifafanua jamii ya mahali kuwa ni watu wanaoishi katika kaunti ndogo ambamo rasilimali ya petroli inachimbwa. Ukiwa Lokichar, kwenye visima vya Turkana, maana yake haina utata. Ukiwa juu ya maji ya kina cha mita 800, umbali mkubwa kutoka ufuo wa karibu, kaunti ndogo ni ipi? Hakuna anayeishi pale. Katiba, katika kifungu cha 62, inahesabu bahari ya nchi, eneo maalumu la kiuchumi na sakafu ya bahari kuwa ardhi ya umma iliyo chini ya dhamana ya Serikali ya Kitaifa. Mwanasheria wa Hazina anaweza kusimama mahakamani na kusema, bila kutikisika, kwamba kisima kilichoko nje ya kaunti zote hakina kaunti ya kulipwa wala jamii ya kulipwa, na asilimia zote 100 zinabaki Nairobi. Sisemi kwamba ndivyo Serikali inavyokusudia. Nasema kwamba maandishi yanamruhusu atakayekusudia.

Na hata tukikubaliana kwamba kaunti za pwani zistahili fungu, mistari itachorwaje? Lamu, Tana River, Kilifi, Mombasa na Kwale zote zinaangalia bahari ileile, na pwani yetu haikunyooka. Ukiisogeza mipaka ya nchi kavu hadi baharini kwa mstari ulionyooka, kaunti moja itapata eneo pana na nyingine itabanwa kama kabari. Kitalu kimoja cha bahari kuu kinaweza kutazamana na kaunti mbili au tatu. Mzozo wa aina hii ukizuka baada ya mafuta kupatikana, kila mwanasiasa atakuja na ramani yake. Ukizungumzwa sasa, wakati hakuna senti mezani, watu wanaweza kusikilizana.

Ugumu zaidi uko kwa wavuvi wenyewe. Watunga sheria walioifunga jamii kwenye kaunti ndogo walikuwa na picha ya watu wanaokaa mahali pamoja. Wavuvi wetu hawako hivyo. Wapo wanaokwenda dago, wakihama na pepo kutoka Pemba, Vanga, Gazi au Kilifi hadi maji ya Lamu, wakipiga kambi ufuoni kwa majuma au miezi, kisha wakarudi. Nahodha aliyezaliwa Vanga anaweza kupata sehemu kubwa ya riziki yake ya mwaka mbele ya Kiwayu. Kwa tafsiri ya sheria, yeye si wa jamii ya huko anakovua, na jamii ya kwao ina bahari nyingine.

Na madhara ya utafutaji huanza mapema, miaka mingi kabla ya mafuta. Kabla ya kisima huja uchunguzi wa mitetemo, ambapo meli hukokota nyuma yake nyaya ndefu zenye vipokea sauti, kwa kilomita kadhaa, huku ikifyatua hewa iliyoshindiliwa kila baada ya sekunde chache ili mwangwi wake urudi kutoka kwenye tabaka za miamba. Meli hiyo haiwezi kukata kona ghafla wala kusimama. Kwa hiyo huzungukwa na boti za ulinzi zinazowaondoa wengine njiani, na maonyo hutolewa kwa redio na kwa matangazo ya mabaharia ambayo mashua yenye tanga na injini ndogo ya nyuma haina njia ya kuyapata. Mvuvi wa jarife hutega wavu wake jioni na kuuacha usiku kucha. Akirudi alfajiri hukuta boti ya ulinzi inamwamuru auvute upesi, au hukuta wavu haupo. Wavu wa aina hiyo huununui kwa mapato ya juma moja.

Ubaya ni kwamba msimu nao hugongana. Meli za mitetemo na za kuchimba hupenda bahari tulivu, na bahari yetu hutulia wakati wa kaskazi, takriban Desemba hadi Machi. Huo ndio wakati vyombo vidogo vinapothubutu kutoka nje ya mwamba, kwa kuwa kusi ikishavuma wengi hubaki kwenye mikono ya bahari na kuvua kati ya mikoko. Kisima cha Mlima kilianza kuchimbwa Desemba. Kumwambia mvuvi apishe kwa miezi miwili ya kaskazi ni kumwambia aache mavuno yake shambani, na sijaona katika sheria ya petroli mahali palipoeleza jinsi hasara ya msimu inavyopimwa kwa mtu asiyeweka risiti.

Tumekwisha kuyaona haya. Katika kesi ya bandari ya Lamu, Mahakama Kuu iliamuru mwaka 2018 kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa kupoteza maeneo yao ya kuvulia kutokana na uchimbaji wa kina na ujenzi. Ulikuwa uamuzi wa kihistoria. Lakini mazungumzo ya namna ya kulipa yakavuta miaka, na meli ya kwanza ikatia nanga bandarini Mei 2021 wakati wengi wa waliotajwa walikuwa bado wanasubiri. Swali lililotesa zaidi katika safari hiyo lilikuwa ni nani hasa mvuvi: mwenye chombo, baharia wake, mchuuzi wa samaki, mama anayekaanga, au kijana anayeshika kaa mikokoni? Bandari ilikuwa mahali pamoja panapoonekana kwa macho. Kitalu cha bahari kuu ni maelfu ya kilomita za mraba.

Naleta mapendekezo ambayo si makubwa. La kwanza, ufafanuzi wa jamii ya mahali urekebishwe ili, kwa shughuli za baharini, utegemee fuo za kuteremshia samaki na daftari za vikundi vya usimamizi wa fuo, vile vinavyojulikana kama BMU, badala ya mipaka ya utawala. Vikundi hivyo vina kasoro zake. Baadhi ya daftari zimejaa majina ya watu wasiojua hata kufunga fundo la nanga. Lakini vipo, vimetambuliwa kisheria, na daftari linaweza kusafishwa kwa muda wa mwaka mmoja kama kuna nia. Wavuvi wa dago waandikwe mahali wanakotoka na wanakovulia, waheshimiwe pande zote mbili. Fungu la kaunti za pwani, kwa maoni yangu, liwekwe katika mfuko mmoja wa pamoja kwa kanuni itakayokubaliwa mapema, tuepuke vita vya mistari.

La pili, takwimu za visima vilivyopita ziwekwe wazi kadiri mikataba inavyoruhusu. Visima vya Mbawa, Kubwa, Kiboko na Sunbird vimepita zaidi ya miaka kumi. Kampuni zilizovichimba ziliondoka, na taarifa za kilichopatikana chini ni mali ya Taifa. Tulichokijua sisi raia kuhusu visima hivyo tulikijua kwa taarifa ambazo kampuni zilitoa kwa wenye hisa wao ughaibuni, huku hapa nchini tukisikia matamko ya jumla tu. Kifungu cha 35 cha Katiba kinatupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na kifungu cha 71 kinataka mikataba ya kutumia maliasili iidhinishwe na Bunge. Mbunge atauidhinishaje mkataba wa kitalu kipya ikiwa hajui kisima jirani kilikuta nini na kwa nini kiliachwa? Vyuo vikuu vyetu navyo vina wanafunzi wa jiolojia wanaosomea miamba ya nchi nyingine kwa kukosa takwimu za miamba ya kwao.

Zipo sauti zitakazosema kwamba kudai mambo haya mapema ni kuwafukuza wawekezaji kutoka bonde ambalo tayari ni gumu kuliuza. Naielewa hofu hiyo, na ni kweli kwamba mabonde yanashindana: fedha zilezile zinaweza kwenda Namibia au Suriname kesho asubuhi. Lakini mwekezaji wa visima vya dola milioni 100 huogopa zaidi kanuni zinazobadilika katikati ya safari kuliko kanuni kali zinazojulikana tangu mwanzo. Fungu la kaunti na la jamii hutoka upande wa Serikali, si upande wake. Kwake ni utulivu tu anaoununua bila kulipa. Turkana ilitufundisha hilo kwa gharama. Mafuta yalitangazwa Machi 2012, mabishano ya mgao yakaendelea hadi sheria ilipotiwa saini 2019, na katikati wananchi walifunga barabara na kuzuia malori ya mafuta mwaka 2018 kwa sababu za usalama na za haki zao. Shehena ya kwanza, mapipa 200,000, iliondoka Mombasa Agosti 2019, kisha uzalishaji wa majaribio ukasimama.

Kamati ya Kawi ya Bunge la Kitaifa na ile ya Seneti zina muda wa kutosha kulishughulikia suala la ufafanuzi huu kabla zabuni za vitalu vya bahari kuu hazijafunguliwa, na vikao vyake vya kusikiliza maoni vifanyike Faza, Kipini, Malindi, Shimoni na Vanga, nje ya msimu wa kaskazi, ili wanaohusika wawepo ufuoni kusikilizwa.

Msomaji wenu,
Lamu